Kichuguu cha Mama na Meza ya Langoni

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Kijiji chetu chote cha Merikit kimefurahi. Mimi sikufurahi. Paa la jikoni linavuja palepale ninapoweka kiti.

Nimeanza daftari hili leo. Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu Resty anakizungumza cha sokoni tu, hakisomi. Miaka sita nilibeba magunia Busia, upande wa Kenya. Nilirudi na vitu viwili, mgongo mbovu na Kiswahili kizuri. Mgongo haujanifaa kitu. Acha Kiswahili kinifae.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yangu, Amoit, alifariki Oktoba. Kwa miaka thelathini alikuwa na meza ya saruji langoni mwa soko letu la Jumamosi, ile ya kwanza kabisa, yenye mabati juu. Msimu wa kumbikumbi watu walitoka Tororo mjini na Malaba kuja kununua wa kwake, waliokaangwa kwa chumvi tu. Mwenye meza ile ni mtu. Asiye nayo anatandika gunia chini, nyuma ya wauza vyungu, karibu na choo. Mimi natandika gunia.

Jana mwenyekiti wa soko, Mzee Omoding, alitangaza uamuzi. Meza atapewa mtu wa nyumba ya Amoit atakayefika Jumamosi ya kabla ya Pasaka na kumbikumbi wa kichuguu cha Amoit. Wasipopatikana, itapewa kijana anayeuza vifuniko vya simu. Vifuniko vya simu! Kwenye meza ya Mama!

Nyumba ya Amoit tumebaki wawili. Mimi, na Alaso, mjane wa kaka yangu Okedi. Na kichuguu Mama alimwachia Alaso. Mbele ya mashahidi watatu, akiwa na akili zake zote. Mimi, mtoto wa kumzaa mwenyewe, aliniachia sindano yake ya kusukia nyungo. Chuma kimoja, urefu wa kiganja. Watu walizika, wakala, wakaenda zao, nikabaki na chuma mfukoni.

Lakini kwetu kichuguu ambacho hakijasafishwa hakina mwenyewe. Mvua ya kwanza ikishanyesha, atakayekwatua majani na kufunga fundo la nyasi kileleni ndiye atakayevuna msimu huo. Hakuna kesi. Na Alaso yuko Mwello kwenye matanga ya shangazi yake hadi Alhamisi.

Kesho naamka na jembe.

Daphine, yule mwenye duka la vitu vya kusuka Tororo mjini, amekuja tena. Anataka nyungo thelathini. Anasema hakuna mkono kama wangu wilaya nzima. Nimemwambia nina mambo makubwa zaidi. Nyungo ni kazi ya kufanya mtu anapongoja kazi.

Jumanne, 8 Aprili

Imefanyika!

Nimekwatua tangu saa moja hadi adhuhuri. Miiba, siafu, na mzizi mmoja ulionishinda mara tatu kabla sijaushinda. Nimefagia. Nimechimba shimo la kuwapokea kumbikumbi, nimelizungushia udongo laini, nimekata fito za kiunzi cha kufunikia na majani ya ndizi ya kutosha. Kichuguu kimenyooka, kinang'aa kama kichwa cha askari.

Kisha fundo. Wengine hufunga nyasi kama anayefunga mbuzi. Mimi nimesuka pete ya nyasi ya mistari mitatu, nikaivika kileleni. Nilitumia chuma cha Mama. Kilikuwa mfukoni tu, si kwamba nilikibeba kwa makusudi.

Nilitaka mashahidi, na nikawapata. Kila aliyepita njiani alisimama. Wanawake wawili walioshika vikapu walinitazama kwa muda mrefu, kisha mmoja akapiga vigelegele. Vigelegele! Mzee mmoja wa ukoo wetu alishuka kwenye baiskeli, akanipa mkono kwa mikono yake miwili, akasema "eyalama noi." Ahsante sana. Sikuelewa ananishukuru nini, lakini mtu mwenye ushindi hapekui shukrani.

Resty aliniletea uji shambani. Tangu tuoane hajawahi kuniletea uji shambani. Aliutazama ule uwanja, akanitazama mimi, akauliza kama nimefanya kwa moyo mmoja. Nikasema kwa moyo mmoja kabisa. Hapo sikudanganya.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku mbaya.

Alaso amerudi. Nilimwona tangu barabarani, na nikajiandaa. Nilikuwa na hotuba. Sehemu ya kwanza ilihusu desturi, ya pili ilihusu damu, ya tatu niliiacha wazi kwa matusi yatakayohitajika.

Hakunipa nafasi. Aliingia uani na jogoo kwapani. Akapiga magoti mbele yangu, akanisalimu "yoga noi," kisha akaanza kulia. Jogoo naye akapiga kelele. Majirani wakaja.

"Shemeji," akasema, "mi nalifikiri wewe ndio utanifukuza. Usiku yote nalikuwa nawaza, huyu Olupot atanitoa. Kumbe ni wewe umenisafishia."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Hapo! Si Jumatatu, si Jumanne nikiwa na jembe mkononi. Ipo desturi ya pili. Mtu akisafisha kichuguu kisicho chake, anakidai. Lakini kaka wa marehemu akisafisha kichuguu cha mjane, hiyo si kudai. Ni tangazo. Anauambia ukoo mzima kwamba mama huyu hatoki hapa, shamba ni lake, nyumba ni yake, na atakayemgusa ataanza na mimi. Mara ya mwisho kumwona mtu akifanya hivyo nilikuwa darasa la tatu. Nani anakumbuka mambo ya darasa la tatu?

Ukoo wote, inaonekana.

Basi nimempa Alaso kwa mikono yangu kile nilichokwenda kumnyang'anya. Na malengelenge juu. Na pete ya nyasi ya mistari mitatu, ambayo anasema hajawahi kuona fundo zuri kama lile na hataliondoa mpaka lioze.

Jogoo alichinjwa. Nilipewa paja. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Aibu juu ya aibu.

Katekista alisimamisha tangazo la michango katikati, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaniita kwa jina. Nikasimama. Akasema dunia ya leo imejaa watu wanaowapora wajane, lakini Merikit tunaye Olupot. Watu walikuwa na matawi mkononi tayari. Wakayapunga. Kwangu mimi!

Nilitazama chini. Wakaona ni unyenyekevu, wakazidi kupunga.

Mzee Omoding alinifuata nje. Akasema Mama angefurahi. Nikamuuliza kuhusu meza. Akasema amri ni ileile, kumbikumbi wa kichuguu cha Amoit, Jumamosi, na yeyote wa nyumba ile. Akakohoa, akaongeza kwamba mtu mwenye moyo kama wangu bila shaka hana haja ya meza. Nikacheka naye. Meno yaliniuma.

Lakini nimewaza njia nzima hadi nyumbani. Tangu Jumatatu ile hakuna mvua nyingine. Jua kali. Bila mvua kumbikumbi hawatoki hata uwapigie ngoma ya harusi. Ikifika Jumamosi hivihivi, Alaso ataenda mikono mitupu. Atakayekuwa na kumbikumbi, wa kichuguu chochote, akisema ni wa kichuguu kile, nani atabisha? Kumbikumbi hana kitambulisho.

Jumanne nakwenda Busia.

Resty ameniuliza ninatabasamia nini. Nikasema Injili.

Jumanne, 15 Aprili

Busia. Nimevuka kwa miguu kama zamani, nikipita kati ya malori. Hakuna aliyenikumbuka. Miaka sita ya mgongo wangu iko kwenye maghala yale, na hata mbwa hakunibwekea.

Nilimpata muuzaji mmoja aitwaye Caro sokoni, upande wa Kenya. Mama wa makamo, aproni ya rangi ya chungwa, sauti ya kuita watu kutoka Kisumu. Anauza dagaa, njugu, na kumbikumbi wakavu kwenye ndoo. Nikamwuliza ni wa lini. Akasema, "Hao ni fresh, baba. Wa juzi juzi tu." Nikamwuliza juzi gani, na mvua hakuna. Akacheka, akasema juzi ya mwaka jana.

Sikuwa na cha kutosha kununulia ndoo nzima, na kwa kisado kimoja huwezi kudai meza ya saruji. Nilipoinama kutazama ndoo, chuma cha Mama kikadondoka kutoka mfuko wa shati. Caro akakiokota. Akakigeuza. Akasema vikapu vyake vyote vimefumuka na siku hizi mafundi wanauza sindano za kupinda kama waya. "Hii kitu ni ya kazi," akasema. "Niachie hii, mzee, ubebe ndoo. Hata pilipili nakuongezea."

Nikampa.

Ni chuma tu. Nimetoka pale na ndoo kichwani, mtu mwenye mpango. Ni chuma tu, na Mama aliyenipa alijua kabisa kwamba ni chuma tu. Njiani nilipapasa mfuko wa shati. Kabla ya Tororo nilipapasa tena mara mbili. Mazoea ni kitu kibaya.

Nimeficha ndoo chini ya gunia la mbegu za mtama. Resty aliuliza chuma kiko wapi, maana aliona shati jepesi. Nimemwambia nimemwazima mtu.

Alhamisi, 17 Aprili

Bado jua. Safi kabisa!

Nimewakaanga upya kumbikumbi wa Caro ili waonekane wa leo. Nimeweka chumvi. Wamebaki weusi. Wana vichwa vikubwa kuliko wa kwetu, na mabawa hawana hata moja, lakini nani hutazama mabawa? Resty alionja mmoja. Akatema nje ya mlango, kwa adabu, akaendelea na kazi zake. Hakuuliza kitu. Napenda mke asiyeuliza, lakini huyu alikuwa haulizi kwa sauti kubwa sana.

Jambo la ajabu. Nimefungua daftari hili na pembeni mwa maandishi ya Jumanne, palepale nilipoandika kwamba nilimwambia Resty nimemwazima mtu, kuna neno moja kwa penseli. "Uongo."

Mwandiko unafanana na wa Resty. Lakini Resty hasomi Kiswahili. Nimefikiri sana. Huenda nimeandika mwenyewe nikiwa na usingizi. Nitaacha kuweka penseli karibu na kitanda.

Daphine alituma ujumbe kwa simu. Anasema wageni wa Kampala wameuliza nyungo zangu, na kama sitaki nimwambie mapema, aende kwa wasukaji wa Paya. Wasukaji wa Paya! Wale wanasuka kama wanaokimbizwa na mbwa. Sijajibu. Ikishakuwa meza yangu, nitakuwa mtu wa meza.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua!

Ilishuka saa sita, kubwa, ya nusu saa, kisha jua likatoka. Hali yenyewe hasa. Nilikaa ndani na kuziba masikio. Haikusaidia. Alaso alikuja mbio, khanga imelowa, akasema nikimbie, kumbikumbi wameanza kuchungulia.

Nikasema mgongo. Akasema desturi. Aliyesafisha ndiye anayepiga. Nikasema Ijumaa Kuu. Akasema katekista yupo kule tayari na chungu chake.

Nikaenda. Nusu ya kijiji imekaa kwenye nyasi. Fito mbili zimelazwa chini, fimbo mbili nimekabidhiwa, kiunzi kimefunikwa majani ya ndizi na kuachwa tundu moja la mwanga juu ya shimo. Kazi ya mpigaji ni kuwadanganya wadudu kwamba mvua bado inanyesha. Basi mimi nikaamua kuwaambia ukweli. Nilipiga vibaya. Nilipiga kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Kumbikumbi wawili walitoka, wakatazama, wakarudi.

Alaso alishusha chungu chake. Watu walianza kufunika vyao. Nilikuwa nimeshinda.

Sijui kilichotokea baada ya hapo. Nilibadili mshiko kwa sababu ya malengelenge, na mikono ikaanza yenyewe. Ule mpigo wa Mama. Mfupi mfupi, mwepesi, halafu mmoja mzito, halafu mfupi mfupi. Nilikuwa nakaa mgongoni kwake akiupiga. Nilijua hata pale alipokuwa akivuta pumzi. Nikaendelea, na nikasahau meza, nikasahau ndoo, nikasahau kwamba nina hasira.

Wakamwagika. Walitoka kama uji uliofurika, mabawa juu ya mabawa, wakaufuata mwanga, wakatumbukia shimoni kwa sauti ya mvua ndogo. Vyungu vinne vikajaa. Watoto walikuwa wanawala wabichi. Alaso alicheka hadi akakaa chini. Katekista aliimba wimbo usiohusiana kabisa na Ijumaa Kuu.

Kwa saa moja nilikuwa na furaha. Naandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa sitaki liwe kweli.

Alaso akasema kesho twende pamoja. Tusimame wawili kwenye meza ya Toto, yaani Mama. Yeye hawezi kupiga, mimi siwezi kukaanga. Nikasema sawa.

Kisha nikarudi nyumbani na kuona ndoo. Wawili! Nusu meza! Na katikati ya wale watu wote jina litakuwa la nani? La Alaso. Olupot atakuwa yule bwana anayepiga fimbo.

Nitatangulia. Atakayefika wa kwanza ndiye aliyefika.

Jumamosi, 19 Aprili

Sijui nianze wapi.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikaketi kwenye meza ya Mama. Saruji ilikuwa baridi. Nikamimina kumbikumbi wa Caro kwenye gazeti, nikakunja mikono. Wauza nyanya walipita, wakanisalimu. Muuza mirija ya kunywea ajon, pombe yetu ya wimbi, alipita, akanisalimu. Wa vifuniko vya simu alipita, akakunja uso. Hiyo ilikuwa robo saa nzuri ya maisha yangu.

Mzee Omoding akaja na wanakamati wawili. Akauliza hawa ni wa wapi. Nikasema kichuguu cha Amoit. Akauliza wameruka lini. Nikasema jana, kijiji kizima kimesikia. Hapo nilikuwa sahihi, kijiji kizima kilisikia. Akauliza mabawa yako wapi.

Nikatazama gazeti.

Kumbikumbi wa kwanza wa msimu huletwa sokoni na mabawa yao, juu ya ungo, na hupepetwa palepale mbele ya wanunuzi ili waone mabawa yakiruka. Mama alifanya hivyo miaka thelathini, kwenye meza hiihii, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake. Ningeweza kusahau jina langu kabla ya hilo. Nililisahau hilo.

Mzee Omoding akaokota mmoja. Akatafuna polepole. Watu walikuwa wamejaa. Akameza, akaomba maji.

"Hii kumbikumbi," akasema, "imevuka mpaka bila pasipoti. Na pilipili yake juu."

Soko zima likacheka. Wa vifuniko vya simu alicheka akiinama. Nikasema ni pilipili ya kwetu. Nikasema mabawa yalidondoka njiani. Nikaapa kwa jina la Mama. Nilisema hivyo. Nimeandika ili kesho nisiseme sikusema.

Alaso akafika na ungo kichwani, mabawa yanameta, wengine bado wanatambaa. Ungo ule nilimsukia Mama mimi, miaka minane iliyopita, wa ukingo wa mistari miwili. Alaso alitazama meza, akatazama gazeti, akanitazama mimi. Nilisubiri aniumbue. Ningemwelewa. Mimi ningemwumbua.

Akasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba wale ni wa Busia, kweli, shemeji amevileta vionjo ili watu walinganishe na wa Toto, ndiyo desturi ya watu wanaojua biashara. Akasema mimi na yeye tumekuja pamoja.

Mlango ulikuwa wazi. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa.

Nikasimama nikasema hapana! Hao si wa Busia, ni wa kichuguu cha Amoit, na mwanamke huyu asinisemee!

Hata wa vifuniko vya simu aliacha kucheka. Alaso akashusha macho. Mzee Omoding akaniomba, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, niinuke kwenye meza.

Nikainuka. Alaso akapepeta. Mabawa yakaruka langoni kama zamani, na watu wakapanga foleni. Nilipokuwa nakunja gazeti langu nilimsikia Daphine, amekuja na wageni wake wa Kampala, akiuliza ule ungo umesukwa na nani. Watu wote wakageuka wakanionyesha kwa kidole.

Nikaondoka. Sitaki kuonyeshwa kidole.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka jana. Sikwenda kanisani. Nilimwambia Resty nina mafua, akasema mafua ya uso.

Leo Alaso amekuja. Nikajifanya nimelala, lakini alikaa mlangoni mpaka ikawa upumbavu kuendelea kulala. Akaweka kitu mkekani. Chuma cha Mama.

Kumbe Caro alivuka Jumamosi kuja kuuza dagaa sokoni kwetu, na Alaso alimtafuta, akampa chungu kizima cha kumbikumbi wabichi ili akirudishe. Chungu kizima! Nimemwuliza alijuaje kwamba chuma kiko kwa Caro. Akasema ameambiwa. Nikauliza na nani. Akatazama jikoni, ambako hakukuwa na mtu isipokuwa Resty. Bado sijui ni nani.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku Mama alipogawa vitu, Alaso alikataa kichuguu. Alisema ni cha Olupot. Mama akasema, "Olupot nimempa mikono yangu. Wewe sina cha kukupa, wacha nikupe udongo."

Alaso alilia akisema hivyo. Mimi nilitazama chuma. Nilimwona Mama ameketi na mafunjo mapajani, ananishika vidole, ananionyesha pa kupitisha. Nilikuwa na miaka saba. Alisema usivute kwa nguvu, vuta kwa subira.

Halafu nikafikiri vizuri. Mikono! Kila mtu ana mikono! Wa vifuniko vya simu ana mikono! Wengine wanarithi meza na mimi narithishwa kitu nilichozaliwa nacho!

Alaso akaendelea. Meza ni kubwa. Yeye akae upande wa kumbikumbi, mimi niweke nyungo upande wa lango, na mzee Omoding amekubali. Daphine naye bado anangoja hadi Jumatano. Nyungo thelathini kwa kuanzia, na jina langu litaandikwa kwenye kila moja. Nikitaka, niseme ndiyo tu.

Nimesema nitafikiri.

Resty alisimama mlangoni mwa jikoni ameshika mwiko, ananitazama kama mtu anayetazama maziwa yasichemke yakamwagika.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua tena, siku mbili mfululizo. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza mwezi huu, kwa sababu nimeelewa kosa langu.

Kosa langu lilikuwa kumbikumbi. Mimi kwa nini nilihangaika na kumbikumbi? Baada ya kumbikumbi, kwenye kichuguu kilekile, huota uyoga. Uyoga mkubwa, mweupe, ule ambao mahoteli ya Tororo yanaulizia mpaka Mei. Mama alimpa Alaso kichuguu na kumbikumbi wake. Mashahidi watatu walisikia. Nimewauliza mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyesikia neno uyoga!

Pembeni mwa maandishi ya Jumatatu kuna penseli tena. "Sema ndiyo." Nimeshangaa. Nilitupa penseli zote. Lakini ushauri ni mzuri, na nimeufuata. Ndiyo, uyoga.

Daphine alikuja saa nne na gari la kubebea mizigo. Nilimwona kwa mbali nikiwa shambani na nikainama nyuma ya kichuguu. Aliita mara mbili. Resty alimwambia niko shambani, kisha alimwambia jambo refu ambalo sikulisikia, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Gari liligeuza, likashika njia ya Paya. Haidhuru. Mtu wa uyoga hasuki.

Nimefanya kazi tangu wakati huo. Nilikuja bila jembe ili wapita njia wasipige tena vigelegele, kwa hiyo nilitumia nilichokuwa nacho mfukoni. Nimechokoa pande zote nne kutafuta pale uyoga unapoanzia. Udongo wa kichuguu ni mgumu kama saruji ya ile meza. Chuma cha Mama kimepinda nchani na kimekwaruzika ubavu mzima. Hakitapita tena kwenye mafunjo.

Lakini kwa kuchimbia kinafaa ajabu. Kinaingia penye nyufa, hakionekani mkononi, hakina kelele. Nilikaa kitako kwenye tope nikakitazama, na nikaona nimemkosea marehemu tangu Oktoba.

Hatimaye nimejua kwa nini Mama aliniachia.